Nimemdanganya daktari kuhusu dawa za binti yangu, na sasa anataka kuingia kwenye utafiti

Shikamoo Bi Mshauri,

Ninakuandikia saa tano usiku, nyumba nzima imelala. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niliolewa Nairobi, na huu ni mwaka wa 22 tunakaa South C. Nina mabinti watatu. Huyu wa kati ana miaka 15, yuko Gredi ya 9, na ana thalasemia, ugonjwa wa damu wa kurithi, ile ya beta iliyo kali. Iligunduliwa akiwa na miezi 11. Mimi nilidhani ni meno yanamsumbua: viganja vimepauka, hataki kunyonya, akilala anahema kama mtu aliyetoka mbio. Tangu mwaka huo anaongezewa damu kila baada ya wiki nne, siku hizi painti mbili. Nimejifunza kuwa shule zikifungwa damu huadimika, maana wanafunzi ndio watoaji wakubwa. Nimejifunza kuomba. Nimewaomba majirani, nimewaomba walimu wa madrasa, kuna siku nilimwomba kondakta wa matatu, na Mungu ambariki, alikuja.

Damu hiyo inaleta chuma mwilini, na chuma hicho lazima kitolewe kwa dawa. Alipokuwa mdogo alikuwa analala na pampu, sindano tumboni usiku kucha, siku tano kwa wiki. Baadaye tukahamia vidonge vya kila siku. Mume wangu anauza vipuri Kirinyaga Road. Miaka miwili iliyopita biashara ilianguka, tukawa tunadaiwa kodi ya duka na karo kwa pamoja. Vidonge ni ghali. Nikaanza kuvivuta: leo anameza, kesho anaruka. Paketi ya mwezi ikawa ya miezi miwili. Yeye mwenyewe hakulalamika, kwani vinamsokota tumbo. Daktari akiuliza, nasema, "Anameza kila siku, daktari." Feritini, kile kipimo cha damu kinachoonyesha chuma kilichojaa mwilini, ilikuwa 1,900, ikapanda 3,400, mara ya mwisho ilikuwa 4,700. Daktari akaongeza kipimo cha dawa. Nikaitikia kwa kichwa.

Mwezi uliopita tuliitwa chumba cha pembeni. Kuna utafiti wa vijana wenye thalasemia na madhara yanayowapata: kimo, mifupa, sukari, homoni, na moyo kwa picha ya MRI. Watafuatiliwa miaka mitatu. Nikapewa fomu ya kurasa tisa.

Binti yangu ukimwona utasema ana miaka kumi. Mdogo wake wa miaka 13 amempita kwa kichwa kizima na alivunja ungo mwaka jana. Yeye bado. Ile fomu aliisoma ndani ya matatu, mimi nikiangalia dirishani. Usiku akanifuata jikoni akaniambia, "Mama, hapa wameandika wanachunguza kwa nini wasichana wenye ugonjwa wangu hawaanzi hedhi. Kumbe si mimi peke yangu?" Nikafungulia maji kwenye sinki ili asinisikie ninavyolia. Anataka kuingia. Ameshajaza jina lake kwa penseli.

Baba yake amekataa katakata. Anasema mtoto wake hatakuwa wa kujifunzia madaktari. Halafu binti yetu mkubwa, wa miaka 21, ameposwa na kijana wa ukoo wa baba yake kule Mombasa, na upande wa kijana hawajui habari za ugonjwa huu. Baba anaogopa jina letu likiandikwa huko, maneno yatafika Mombasa kabla ya mahari. Mama mkwe naye anasema shida yote ni damu za watu, tumpe mtoto sharubati ya bitiruti na dawa za kuongeza damu, atapona.

Sababu yangu mimi haijui mtu. Utafiti ule watahesabu vidonge. Watapiga picha ya moyo wake. Wakikuta umeharibika, ni mkono wangu huu. Nitie sahihi bila ya baba yake kujua? Nikatae, nimwambie mtoto nafasi zimejaa? Niseme ukweli kwa daktari, au nianze tu kumpa dawa sawasawa kuanzia sasa na yaliyopita yapite?

Mama wa South C

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nilikwama pale kwenye sinki.

Nikikuelewa vizuri, umeniletea jambo la utafiti, na ndani yake kuna mengine mawili: la vidonge, na la posa ya binti mkubwa. Mume wako anabishana na wewe kuhusu la kwanza. Hayo mengine hakuna anayeyazungumza, na nahisi ndiyo yanayokunyima usingizi.

Niruhusu nianze na vidonge, hata kama hukuniuliza kwa mpangilio huo. Kila painti ya damu huja na chuma cha miligramu 200 hivi au zaidi, na mwili wa binadamu hauna njia ya kuutupa nje mzigo huo. Hupoteza miligramu moja au mbili tu kwa siku. Painti mbili kila wiki nne ni painti 26 kwa mwaka, yaani zaidi ya miligramu 5,000, ilhali mtu mzima mwenye afya hubeba 3,000 hadi 4,000 mwilini mwake mwote. Chuma hicho kinaketi kwenye ini, kwenye moyo, kwenye kongosho panapotengenezwa insulini, na kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inayoamrisha mwili wa msichana uanze kukua. Tezi hiyo ni nyepesi sana kudhurika. Ndiyo maana swali la binti yako jikoni lilikuwa swali la haki, na jibu lake ni kweli: si yeye peke yake. Kuchelewa kubalehe ni miongoni mwa madhara yanayowapata sana vijana wa thalasemia, hata wale ambao wazazi wao hawakuruka siku nyingi za dawa. Alikuwa na miaka mingi ya damu mwilini kabla duka halijaanguka. Siwezi kukuambia siku ulizoruka hazikuchangia, ningekuwa nakudanganya. Lakini kusema kwamba yote ni mkono wako huo, hapo umejitwika zaidi ya sehemu yako. Umaskini nao una mkono. Bei ya dawa ina mkono.

Kinachonitia hofu zaidi ni kile ulichokitaja kwa sentensi moja: daktari aliongeza kipimo cha dawa. Aliongeza kwa sababu anaamini binti anameza kila siku na dawa haitoshi. Kama vidonge vyenu ni vya deferasiroksi, dawa hiyo hupimwa kwa uzito wa mtoto, na inaweza kuumiza figo na ini, ndiyo maana wagonjwa hupimwa damu mara kwa mara wakiwa wanaitumia. Sasa hebu tuifuate njia uliyoitaja, ya kuanza kumpa sawasawa kimyakimya. Mtoto aliyezoea nusu ya dozi ya zamani ataanza ghafla kumeza dozi nzima mpya, kubwa kuliko ile, na hakuna aliyejua kwamba kuna kilichobadilika. Njia hii, kati ya zote ulizoziandika, ndiyo inayoonekana rahisi, nayo ndiyo ningependa uitazame kwa makini kuliko zote.

Unamwogopa daktari atakavyokutazama. Naelewa. Lakini madaktari wa magonjwa haya wamezoea kusikia dawa zimerukwa. Dawa za kutoa chuma ni maarufu kwa hilo tangu enzi za pampu, na vijana wenyewe huziacha hata wanapopewa bure. Pengine yeye ameshashuku, maana feritini haisemi uongo kwa urahisi. Huenda pia mlango wa msaada uko upande wa pili wa ukweli huo: mtu wa ustawi wa jamii hospitalini, njia ya SHA, bima ya afya ya serikali, dawa nyingine isiyomsokota tumbo, ratiba ya kumeza na chakula. Hayo hayawezi kuanza kama kwenye faili imeandikwa "anameza kila siku". Ukiona ulimi utakuwa mzito, andika kwenye karatasi mistari minne, umpe asome. Wengi wamefanya hivyo mbele yangu.

Mama mkwe mheshimu, lakini bitiruti haitibu hili, na hizo dawa za kuongeza damu za dukani nyingi zina chuma ndani. Ni kumwongezea mtoto kile kile tunachojaribu kukitoa. Ukipenda, mwambie daktari mwenyewe alieleze hilo mbele yake. Bibi husikia zaidi maneno ya koti jeupe.

Sasa utafiti. Baba wa mtoto anasema hatakuwa wa kujifunzia madaktari, na mimi sitamcheka. Afrika imeona wageni waliochukua damu wakaondoka. Ila ningependa mwulizane: utafiti huu unafanya nini hasa? Kwa ulivyoeleza, haumpi dawa mpya. Unampima, unamfuatilia, unaandika. Vipimo hivyo vingi ni vile ambavyo kijana wa thalasemia alipaswa kuwa anafanyiwa hata pasipo utafiti, tangu akiwa na miaka kumi hivi: sukari, mifupa, homoni, moyo. Na picha ya moyo ina kisa ambacho baba yake angependa kukisikia. Kwa miaka mingi moyo uliojaa chuma ndio uliowaua vijana hawa, na madaktari waliutazama kwa kukisia kutoka kwenye feritini. Mwaka 2001 watafiti wa London walichapisha njia ya kusoma chuma cha moyo kwa MRI, kipimo kinachoitwa T2*, wakaonyesha kwamba feritini, na hata chuma cha ini, havitoshi kukuambia hali ya moyo. Mwenye feritini kubwa anaweza kuwa na moyo safi, na mwenye feritini ndogo akawa na moyo uliojaa. Namba ya T2* ikiwa chini ya 20, chuma kimeingia. Chini ya 10, hatari ni kubwa na tiba huongezwa haraka. Vifo vya moyo Uingereza vilipungua baada ya njia hiyo kuanza kutumika. Hiyo elimu ilitokana na wagonjwa waliokubali kulala ndani ya mashine ile.

Soma tena ile feritini, mwanangu: 4,700 haijakuambia bado moyo wa binti yako ukoje. Umeshajihukumu kwa picha ambayo haijapigwa. Na chuma cha moyo, kikijulikana mapema, kinaweza kupunguzwa kwa dawa, ingawa huchukua miezi na miaka.

Hata hapa kwetu, watoto wa Kilifi wamechangia elimu kubwa. Tafiti za huko zimeonyesha kwamba thalasemia nyepesi ya alfa, ambayo wengi wa Pwani wanaibeba bila kujua, huwakinga watoto na malaria kali. Ni aina tofauti na ya binti yako, usizichanganye. Nalitaja kwa sababu watu huongea kana kwamba ugonjwa huu ni aibu ya ukoo fulani, kumbe ulibaki kwenye damu za watu wa pwani nyingi duniani kwa sababu uliwafaa waliobeba nusu yake mbele ya malaria. Hata jina lake limetoka kwenye neno la Kigiriki la bahari.

Hayo ni ya upande mmoja. Upande wa pili nao una uzito. Utafiti si matibabu. Wanaweza kugundua sukari au udhaifu wa mifupa, kisha fomu ikawa haisemi nani atagharimia tiba. Uliza hilo kabla ya sahihi. Uliza majibu yatarudi kwako baada ya muda gani, na nani atamweleza binti, maana kusikia "homoni zako ziko chini" akiwa peke yake kwenye korido si jambo dogo kwa msichana wa miaka 15. Uliza damu itahifadhiwa wapi, miaka mingapi, itasafirishwa nje ya nchi au la, na kama watasoma jeni zake. Uliza atakosa siku ngapi za shule. MRI haina mionzi, lakini ina kelele na lazima alale bila kutikisika. Wako watoto wanaoiogopa. Uliza pia namba ya kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi inayoruhusu tafiti. Utafiti wa kweli huvionyesha bila kununa. Na hakikisha wanakuambia kwa mdomo, mbele ya mume wako, kwamba mkikataa leo au mkijitoa mwakani, damu yake ya kila mwezi haitaguswa.

Kuhusu siri, sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na majina kwa kawaida hugeuzwa namba. Lakini wasiwasi wa mume wako una ukweli fulani. Wagonjwa wa thalasemia kali Nairobi si wengi, jamii zetu ni ndogo, na "msichana wa miaka 15 wa South C" anaweza kutambulika hata bila jina. Mwulizeni mtafiti atafanya nini kuhusu hilo. Ni swali zuri, na baba mwenyewe akiliuliza huenda akaacha kuwa mtu wa kukataa tu, akawa mlinzi wa mtoto wake ndani ya chumba kile.

Kutia sahihi kwa siri, je? Fomu itasema kama sahihi ya mzazi mmoja inatosha, na inawezekana inatosha. Ila miaka mitatu ya miadi ni mirefu kuificha ndani ya nyumba moja, na binti ndiye atakayebebeshwa siri hiyo. Ile ya kumwambia nafasi zimejaa nayo ina bei: amesoma kurasa tisa peke yake, ameandika jina lake kwa penseli. Kwenye utafiti wa watoto, mzazi hutoa ridhaa, na kijana wa umri wake naye huulizwa kauli yake. Wewe unamwona wa kimo cha miaka kumi. Mwenyewe anajiona wa 15. Kabla hamjaamua lolote, keti naye umwulize anatarajia nini hasa. Kama anadhani utafiti utamfanya avunje ungo, aelezwe kwamba haujaahidi hivyo. Kuna tiba ya homoni ambayo daktari wa tezi anaweza kuizungumza nanyi, utafiti uwepo usiwepo, na wako wanawake wenye thalasemia kali waliofikia kuzaa kwa msaada wa kitabibu. Anastahili kulisikia hilo mapema. Anaweza pia kukutana mtandaoni na habari za tiba ya jeni iliyoidhinishwa Marekani. Bei yake ni zaidi ya dola milioni mbili kwa mgonjwa mmoja, basi mwambieni ukweli huo kwa upole badala ya kumwacha aote peke yake.

Nimebakiza posa, na hapa ndipo ninapokutazama usoni kama mama kwa mama. Wewe na mume wako mnabeba nusu nusu ya ugonjwa huu, na kwa kila mimba ilikuwa nafasi moja kati ya nne kupata mtoto mgonjwa. Binti yenu mkubwa haumwi, lakini uwezekano kwamba anabeba ni mbili kwa tatu. Kijana aliyemposa ni wa ukoo wa baba yake, ukoo ambao tayari tunajua una mbebaji. Kipimo cha kubaini wabebaji ni cha damu tu, cha kuchambua hemoglobini, na hospitali kubwa za Nairobi na Mombasa hukifanya. Wakikutwa wote wanabeba, hilo halifungi mlango wa ndoa. Wako wanaooana wakijua, wakapanga uzazi wao kwa ushauri wa daktari. Mume wako anaogopa maneno kufika Mombasa kabla ya mahari. Mwulize taratibu, usiku mmoja akiwa ametulia, angependa yafike lini. Na binti mkubwa mwenyewe, je, anajua kwamba anaweza kuwa anabeba? Barua yako haikusema.

Mengi haya hayahitaji kuamuliwa wiki hii. Fomu inaweza kurudi hospitali haijajazwa, na unayo haki ya kuomba muda au kuomba kikao cha pili mkiwa wazazi wote wawili. La vidonge ndilo lisilongoja sana. Kabla ya damu ijayo, hesabu vilivyobaki kwenye paketi, andika tarehe mliyoinunua, na uende navyo kwenye mkoba. Usibadilishe dozi yake nyumbani kabla daktari hajajua. Kama moyo wake unamwenda mbio, miguu inavimba, au anakosa pumzi akipanda ngazi, au ameanza kunywa maji na kukojoa kupita kawaida, usisubiri hata tarehe hiyo.

Niandikie tena baada ya kliniki. Nitapenda kujua mzazi mwenzako aliuliza swali gani, na kama yule msichana bado ana penseli yake.